Aje Aniambie Nyumbani Kwangu

Kila nikienda kunyolewa Galerie d'Ixelles lazima mtu aniulize habari ya koti. Ni koti la timu, jeusi, lina nembo kifuani, na mgongoni wameandika kazi yangu kwa herufi kubwa: recruteur. Watanzania wa hapa Brussels wananiita skauti. Wengine wananiita Papa wa Mpira, papa yaani baba. Mimi nasema hivi: mimi ni mtu anayesimama kando ya viwanja vya shule na vyuo, anaangalia watoto wa watu wakicheza, kisha anaiambia timu ya kulipwa nani achukuliwe na nani aachwe aendelee na masomo yake. Basi.

"Papa, lakini si balikufukuzaka?" ananiuliza kinyozi mbele ya watu wote, na wembe uko shingoni mwangu.

"Nani alinifukuza? Alikuja kwangu? Wewe ulimwona?"

"Eh, miye sijamuona."

"Basi nyoa."

Wanacheka. Wacheke. Leo nimeamua kuandika mambo yalivyokwenda, maana nimechoka kuyaeleza nikiwa nimefungwa shuka shingoni kama kuku.

Shule niliiacha mapema, kule Likasi, na sioni haya. Hapa Ubelgiji nilianza kwa kushusha makreti ya samaki sokoni alfajiri, nikaenda kuosha treni, nikaja kuendesha minibasi ya vijana wa timu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Madereva wengine walikuwa wakishafikisha watoto uwanjani wanalaza kiti na kukoroma. Mimi nilishuka nikaangalia. Nikaangalia miaka mingi, na mdomo wangu haujui kukaa kimya, nikawa nasema ninachoona. Makocha wakaanza kuniuliza. Siku moja wakanipa koti.

Lakini msifikiri walinipa kazi nzuri. Wale mabwana wengine, wenye vyeti, walijigawia viwanja vya watoto wa akademi, ambako kuna paa na kahawa. Mimi wakanipa mashule. Collège na vyuo, Jumatano mchana, mvua ya pembeni, nyasi za plastiki zinazoingia kwenye soksi. Tena wakanipa wasichana, kwa sababu timu ya wanawake ilikuwa ndiyo imeanzishwa na hakuna aliyetaka kuisimamia. Walidhani wamenitupia mabaki. Mtu mzima kama mimi, mabaki! Nikavaa koti, nikaenda. Bon. Katika hayo mabaki niliwatolea wachezaji ambao leo wanawapiga picha na kuwabandika ukutani.

Nina namna yangu ya kufanya kazi na sikuiomba kwa mtu. Uwanjani mimi naona tu. Sichukui. Mtoto wa mtu nakwenda kumchukua nyumbani kwao. Naingia na kreti ya soda, maana huingii mikono mitupu kwenye nyumba ya watu. Nakaa. Naletewa maji, nakunywa. Tunasalimiana mpaka salamu ziishe: wa kwenu wazima, wa kwetu wazima, kule nyumbani wanasemaje. Mimi nasema natoka wapi na baba yangu alikuwa nani. Ndipo naeleza kilichonileta. Vijana wa ofisini wananicheka, wanasema nafanya kama nakwenda kuposa. Ndiyo, kabisa. Umemtoa mtoto kwa mama yake kwa maneno, siku ya kumrudisha unamrudisha kwa maneno vilevile, kwa mama yake, ukiwa umekaa kitako. Mtoto si jezi ya kuazima.

Huyu binti ninayemsema nilimwona kwenye mashindano ya vyuo. Alikuwa anasomea uuguzi, anacheza beki wa kushoto. Kipa wao alifungwa bao la aibu, mpira ulipita katikati ya miguu yake kama mlango uko wazi, na wenzake wote wakainamisha vichwa. Yeye akaenda mwenyewe mpaka wavuni, akauokota mpira, akamkabidhi kipa mkononi, akamwambia neno. Kipa akacheka. Akacheka, na timu ilikuwa inapigwa! Nikasema moyoni: huyu. Mbio zake niliziangalia baadaye, na zilikuwepo.

Nikaenda Evere kwa mama yake. Ni mjane wa kwetu, wa Lubumbashi, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaosha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji ambao watoto wao hawana nafasi. Tulijuana kidogo kwa kanisa, ananiita tonton, mjomba. Akanipa maji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na masomo?"

"Atasoma na atacheza, Maman. Mazoezi ni jioni."

"Nani anasema?"

"Timu inasema."

"Tonton, ile timu mi siione hapa ku kiti. Hapa ku kiti naona weye. Siku kukiwa mambo, ni weye nitaulizaka."

"Utaniuliza mimi," nikasema. "Na siku atakaporudi, nitamleta mimi na aliyenituma, mpaka hapa."

Hayo ndiyo niliyosema. Sikusaini karatasi, nilisema kwa mdomo wangu, na kwangu mimi hilo ni zito kuliko karatasi.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili wakahamisha mazoezi, yakawa asubuhi. Hawakuniuliza. Binti akasimamisha masomo. "Kwa muda tu," wakamwambia, "mkataba wa kulipwa unakuja." Mama akanipigia simu, nikaenda ofisini, mkurugenzi wa michezo akanihakikishia kwamba mkataba uko njiani, unangojea msimu uishe. Mimi nikalirudisha jibu hilo Evere. Kabla msimu haujaisha goti likatoka mahali pake. Lilitoka uwanjani kwao, kwenye mazoezi yao ya asubuhi, si njiani akienda kununua mkate. Wakampasua. Wakamwambia avumilie. Akavumilia baridi yote, akipanda basi na magongo kwenda kwa daktari wa timu na kurudi.

Halafu mkurugenzi akaniita ofisini.

Mkurugenzi huyo si mzee. Ana viatu vyeupe ambavyo sijawahi kuviona na tope, na simu yake hailali kifudifudi hata kidogo. Akaniambia kwa Kifaransa, bila kunikaribisha kiti, kwamba binti wa Evere hawataendelea naye. Goti halitarudi kama zamani.

"Bon," nikasema. "Goti ni goti. Tunakwenda lini kwa mama yake?"

"Hatuendi. Tutamwandikia ujumbe. Ujumbe mzuri, wa heshima."

"Kwa simu?"

"Kwa simu na kwa barua pepe."

"Mama yake hana barua pepe."

"Mama yake si mchezaji wetu. Binti ni mtu mzima."

Hapo damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilipiga meza yake kwa kiganja. "Siku mlipomtaka, mlinituma kwa mama. Mlisema, nenda papa, wewe unajua kuongea na familia. Leo mmemchoka, amekuwa mtu mzima! Amekua lini? Amekua kwenye kitanda cha hospitali?"

Akasema nitulize sauti. Sikuituliza. Nikamwambia: "Asipokwenda mtu mkubwa wa timu hii kukaa mbele ya yule mama na kumwambia, mimi nitapita Chaussée de Wavre duka kwa duka. Nitaingia kwenye vitenge, nitaingia kwenye masaluni, nitaingia kwenye makanisa. Mtatuma watu wenu wenye vyeti wakabishe hodi, na hakuna mama atakayewafungulia mlango."

Akaangalia simu yake. Akaangalia dirisha. "Jumamosi," akasema. "Robo saa."

"Na hakuna ujumbe kabla ya hapo."

"Hakuna."

Sasa hapa ndipo watu wa saluni wanaponilaumu. Hata mke wangu alinilaumu. Nilimpigia simu mama wa Evere nikamwambia: "Maman, Jumamosi baada ya saa sita tutapita kukusalimia. Mimi na mkubwa wa timu."

Mara nikasikia kigelegele kimoja, kirefu, mpaka nikaitoa simu sikioni.

"Mukubwa mwenyewe? Ya timu? Anakuya kwangu, huku Evere?"

"Anakuja kusalimia, Maman."

"Eh, Mungu wangu! Tonton, anakulaka pilipili?"

Nilielewa palepale alichoelewa. Mimi si mjinga. Mkubwa hafungi safari kupanda ngazi za maskini kwa habari ndogo, ndivyo tunavyojua sisi, kwa hiyo kwake ilikuwa ni mkataba. Mke wangu alikuwa jikoni, akasikia yote.

"Mwambie," akasema. "Mpigie tena umwambie."

"Kwa simu?"

"Ndiyo kwa simu! Sasa atapika!"

"Apike. Watu hata wakifiwa wanapika."

"Mzee, weye uko na kichwa nguvu."

Nina kichwa kigumu, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimepiga meza ya mkurugenzi kwa sababu alitaka kusema jambo hili kwa simu. Sasa nilifanye mimi? Nimtangulie kwa njia ileile niliyomkataza? Kama ningemwambia kwa simu, mama angekaa peke yake jikoni na maneno hayo, hana uso wa kuangalia. Wanaosema nilikosea, waseme. Sijamwona hata mmoja aliyebeba kreti siku ile.

Jumamosi nilimchukua mkurugenzi kwa gari langu, makusudi, ili asiwe na namna ya kukimbia. Nilikuwa nimeshapita Matonge, mtaa wa maduka yetu, kuchukua kreti ya soda. Alipoiona kwenye kiti cha nyuma akauliza kuna sherehe gani.

"Hakuna sherehe. Huingii nyumbani kwa watu mikono mitupu."

"Hata kwa habari kama hii?"

"Hasa kwa habari kama hii."

Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa. Nikashika kreti upande mmoja, nikamwambia ashike upande wa pili. Tukapanda hivyo, yeye na viatu vyake vyeupe, chupa zinagongana kila ngazi, na harufu ya samaki na sombe, kisamvu cha kwetu, inatushukia kutoka juu. Alisimama katikati akapumua. "Wanapika," akasema. Nikamwambia ndiyo, wanapika. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuogopa, na mimi nilifurahi aogope.

Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Alikuwa mama mdogo wa binti, kitenge kipya, kilemba kipya, simu mkononi anatupiga video.

"Eh! Eh! Angalieni, bameleta kreti!" akapiga kelele kwa walio ndani. "Sasa munaniambia: ni mupira ao ni mahari?"

"Mama mdogo, weka simu," nikamwambia.

"Acha, tonton! Hii ni ya kutuma Lubumbashi!" Akamgeukia mkurugenzi, akampiga mabusu matatu mashavuni, akamwambia kwa Kifaransa kwamba ni mwembamba mno kuwa mkubwa wa kitu.

Meza ilikuwa imejaa. Bukari, ugali wa kwetu, imefunikwa kwa kitambaa, sombe, samaki wa kukaanga, kuku, wali kwa ajili ya Mzungu asije akashindwa na bukari, maharage, pilipili kwenye kikombe chake peke yake. Kwenye kochi wametandika kitambaa cheupe cha kufuma. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alimshika mkurugenzi mikono yote miwili, macho yanang'aa. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu.

Binti alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, goti limenyooshwa. Alivaa trakisuti ya timu. Alinisalimia, "Papa, habari," kwa sauti ya kawaida, kisha akamwangalia mkurugenzi, hakuondoa macho. Niliona kuna kitu. Sikujua ni nini.

Nilitaka twende kwa utaratibu: maji, salamu, maneno. Lakini mama hakutupa nafasi. Maji yalipokwisha akasimama akaomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wake, kwa ajili ya goti, kwa ajili ya tonton aliyekuja siku ya kwanza na maneno ya kweli, kwa ajili ya huyu mzungu aliyeacha kazi zake zote. "Bariki mukono yake," akasema, "ule mukono utakaosaini." Mama mdogo akaitikia amina kwa nguvu. Mkurugenzi hakuelewa neno ila la kusaini, maana linafanana na la Kifaransa, signer. Akaniangalia. Uso umekuwa kama karatasi.

"Sema," nikamnong'oneza.

"Baada ya chakula," akaninong'oneza.

Mwoga! Naliandika hapa waziwazi. Alikuwa na robo saa yake, alikuwa na mdomo wake, na Kifaransa ni cha mama yake mzazi. Akachukua sahani. Mama akaanza kumpakulia: wali, kuku, sombe, tena sombe. Yeye anasema merci, madame, merci. Mimi nikajua huyu atakula, atasifu chakula, atashuka ngazi, na Jumatatu atatuma ujumbe. Nikaweka mikono mezani ili nisimame niseme mimi mwenyewe.

Binti akanitangulia.

"Maman, wacha kumupakulia," akasema, kwa Kiswahili, taratibu. "Huyu hakukuya ju ya kusaini. Alikuya ju ya kuniacha."

Mama akasimama na kijiko hewani.

"Asubui balinitosha mu groupe ya timu. Mu simu. Nilikuwa mule, kisha siko mule." Akainua simu yake kidogo, akairudisha pajani. "Hata hawakuandika kitu."

Yaani asubuhi ileile! Tumekubaliana hakuna ujumbe, na kweli hawakutuma ujumbe. Walimfuta tu. Mtu fulani ofisini alibonyeza kidole akamtoa kwenye kundi la simu la timu, kama unavyofuta vumbi mezani, huku mama yake anakata vitunguu. Nilimgeukia mkurugenzi nikamuuliza kwa Kifaransa kama ni kweli. Akasema huenda sekretarieti walitangulia kidogo. Walitangulia kidogo!

"Na weye unaniachilia mi napika tangu jana?" mama alikuwa anamuuliza binti yake.

"Leo asubui njo nilijua, Maman. Ulishapika. Na nilitaka kuona kama atasema."

Mama mdogo alikuwa ameishusha simu. Aliifunika mkononi kwa kitenge, kama kitu cha aibu.

Sasa sikilizeni alichofanya yule mama. Hakulia. Hakupiga kelele. Alimalizia kupakua. Akaweka kipande cha samaki juu ya sombe, akaiweka sahani mbele ya mkurugenzi, akamsogezea uma. Akaketi mbele yake. Akamuuliza kwa Kifaransa chake cha nyumba ya wazee, cha kusema polepole na wazi ili asiye na masikio asikie:

"Monsieur, ni kweli?"

Mkurugenzi akaniangalia mimi.

"Usiniangalie mimi," nikasema. "Anakuuliza wewe."

Akaanza. Akasema uamuzi ulikuwa mgumu. Akasema habari ya msimu ujao, habari ya madaktari, habari ya timu kubadilisha namna ya kucheza. Mama akamngoja mpaka amalize, kama anavyowangoja wazee wake wamalize kutafuna.

"Ile sikukuuliza. Nauliza: mutoto wangu mumemuacha?"

"Ndiyo, madame."

"Basi usiambie miye. Muambie yeye. Eko pale."

Hapo robo saa ilikuwa imekwisha zamani. Mkurugenzi akageuza kiti. Akamwangalia binti, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akamwambia hawataendelea naye. Sauti haikutoka vizuri ikabidi arudie. Binti akasema, "Merci. Nimesikia." Akainama, akavua koti la trakisuti, akalikunja vizuri mikono ndani, akaliweka juu ya meza kati ya sombe na wali.

"Sasa kula," mama akamwambia mkurugenzi. "Chakula kilipikwa ju yako."

Na akala! Tulikula wote, na ni chakula kigumu kuliko vyote nilivyopata kumeza katika maisha yangu. Hakuna aliyefungua kreti.

Tulipoinuka mama alinisimamisha mlangoni. Mkurugenzi alikuwa ameshatangulia kwenye ngazi, na mkononi ana bakuli la plastiki lenye sombe, maana yule mama hawezi kumwacha mgeni aondoke mtupu, hata mgeni huyo.

"Tonton," akasema, "ulisema utamurudisha. Umemurudisha."

"Ndiyo, Maman."

"Lakini ulimutosha hapa anatembea muzuri. Na mu masomo alikuwa."

Nikahangaika na zipu ya koti langu. Mimi, mwenye mdomo huu.

"Bon," akasema. "Umekuya. Wengine habakuyake." Akafunga mlango taratibu.

Kwenye gari mkurugenzi alifunga mkanda, akaweka bakuli magotini, akashusha pumzi. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yakinijia usiku yananiondolea usingizi.

"Mwishowe imekwenda vizuri, siyo? Watu wazuri sana." Halafu akafunua kifuniko akanusa. "Hii ya kijani inaitwaje?"

Nikawasha taa ya pembeni. Nikasimamisha gari kwenye kituo cha basi.

"Shuka."

"Unasemaje?"

"Nimesema shuka. Basi linapita hapa hapa. Yule binti amelipanda baridi yote na magongo, na wewe utaweza."

Alidhani natania. Nilifungua mlango wake kwa kupitisha mkono mbele ya kifua chake. Akashuka. Nilimwona kwenye kioo amesimama kituoni kati ya wamama na mifuko yao, viatu vyeupe, bakuli la sombe mikononi, anatafuta mahali pa kuliweka ili atoe simu.

Jumatatu simu yangu ikalia. Ujumbe. Mzuri, wa heshima. Timu inanishukuru kwa miaka yangu, inanitakia mapumziko mema, inaomba nirudishe koti na kadi ya kuingilia viwanjani. Chini hakuna hata jina la mtu, jina la timu tu. Nilimpa mke wangu anisomee mara ya pili, maana mara ya kwanza nilidhani macho yangu yameona vibaya.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nini? Kuna mtu aliyekuja hapa?"

"Hapana."

"Basi mimi sijaambiwa kitu."

Na Jumatano nilivaa koti nikaenda kwenye viwanja vya collège kama kawaida. Wale wenye vyeti waliniona wakanong'onezana. Mmoja akaja kuniuliza, kwa upole wa uongo, kama sijapata ujumbe. Nikamwambia simu yangu inapata matangazo mengi sana, ya pitsa, ya matairi, siyasomi yote. Nasimama palepale ninapokaa siku zote, nyuma ya goli. Nikiona mtoto wa kweli nakwenda kwa mama yake, nakunywa maji, namwambia: huyu ana mpira, lakini wakija kumtaka waambie waje wao wenyewe, wakubwa, wakae hapa. Usiwapokee kwa mjumbe. Usinipokee hata mimi. Mama kadhaa wameshafanya hivyo. Nasikia ofisini wamekasirika, wanasema siku hizi familia za Kiafrika zimekuwa na masharti. Zimekuwa, ndiyo.

Binti amerudi kwenye uuguzi. Bado anachechemea akishuka ngazi. Tukikutana kanisani ananiita papa kama zamani, mama yake ananisalimia kwa heshima, na hakuna hata mmoja wao anayeongea habari ya mpira. Mimi pia siongei. Ila mambo hayo hayajaisha kwangu, na msiniambie nimwachie Mungu.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa sekretarieti alinipigia. Sauti yake ni ya mtu mwema, na si yeye aliyenikosea, kwa hiyo sikumpigia kelele. Akasema koti, monsieur, na kadi, tunaomba uvitume kwa posta.

"Madame," nikamwambia, "koti liko hapa mlangoni limetundikwa, halijachafuka. Mwambie mkurugenzi aje alichukue."

"Ana kazi nyingi, monsieur."

"Najua. Mwambie ni karibu na Evere, njia anaijua. Mwambie kwangu lifti ni nzima. Apande, akae, anywe maji, aniambie kwa mdomo wake kwamba nimeachishwa, na mimi nitalivua mbele yake nimpe mkononi."

Akasema atafikisha. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ananisikiliza.

"Na akija kweli?" akauliza. "Nimupikie nini?"

"Sombe," nikasema. "Nyingi. Na hasemi neno mpaka aimalize."